Trela la Ozoni kwa Wiki 12: Tathmini ya Huduma ya Jaribio la Kusafisha Maji ya Ardhini

Kampuni tuliyoikodi ilituletea bei iliyogawanywa katika mafungu matatu: trela lenye mitambo ya kuzalisha ozoni, fundi wa kulisimamia, na ripoti mwishoni. Kwa muda wa wiki 12 trela hilo lilisimama kwenye kiwanja kilichokuwa zamani kituo cha mafuta, katika mji mmoja mdogo wa Bonde la Kati la California, likipuliza gesi ya ozoni, aina ya oksijeni yenye nguvu ya kuunguza uchafu wa petroli, chini ya usawa wa maji ya ardhini kupitia visima vitatu vyembamba. Mimi nilikuwa upande wa mteja, na kazi yangu ilikuwa kumshauri mwenye kiwanja kama njia hiyo inafaa kununuliwa kwa ukubwa wake kamili. Kampuni sitaitaja jina, kwa sababu ninayoyalalamikia nimeyaona pia kwa washindani wake. Nikitanguliza hukumu yangu, mitambo ningeipa alama 9 kati ya 10, fundi 10, mpango wa jaribio 5, na ripoti, kabla haijarekebishwa, 3.

Matangi ya kituo hicho yalifukuliwa zamani, lakini petroli iliyokwisha kuvuja haikufukuliwa pamoja nayo. Ilibaki imenata kwenye mchanga na kwenye vipande vya udongo wa mfinyanzi vilivyolala katikati ya mchanga huo, ikiyaachia maji vitu viwili vilivyotusumbua: benzini, ambayo ni sehemu ya petroli inayosababisha saratani, na MTBE, kemikali ya kuongezwa katika petroli. Hii ya pili ilianza kuchanganywa katika petroli ya Marekani mwaka 1979 kuchukua nafasi ya madini ya risasi, na tabia yake ni mbaya kwa mtu anayekunywa maji ya kisima, kwa kuwa haishikwi na udongo, huyeyuka kwa urahisi, na husafiri karibu kwa mwendo wa maji yenyewe. Mji wa Santa Monica ulilazimika kufunga visima vyake vya Charnock mwaka 1996 kwa ajili yake, na California ikaiondoa katika petroli yake ifikapo mwisho wa 2003. Kikomo cha jimbo hilo kwa maji ya kunywa ni mikrogramu 13 kwa lita kwa MTBE na mikrogramu 1 kwa benzini, ilhali Shirika la Afya Duniani hupendekeza benzini isizidi 10. Visima vyetu vya katikati vilikuwa mbali sana juu ya vikomo vyote hivyo.

Ozoni haikuwa chaguo la kwanza. Kuchimba udongo wote hakukuwezekana, maana sehemu ya uchafu imelala chini ya barabara ya mji. Kuvuta maji juu na kuyachuja ni njia inayojulikana, lakini petroli iliyonata ardhini huachia kidogo kidogo, na pampu hulazimika kufanya kazi miaka nenda miaka rudi. Pamanganeti, kemikali ambayo husifiwa kwa kuunguza vimumunyisho vya klorini kama vile trikloroetilini, haiigusi benzini kwa kiwango cha maana. Mchanganyiko wa peroksidi ya hidrojeni na chuma, unaojulikana kwa jina la Fenton, hutoa joto na gesi kwa nguvu, jambo ambalo jirani mwenye mabomba chini ya lami hawezi kulifurahia. Ozoni hutengenezwa papo hapo kwa umeme kutoka katika hewa, haihitaji lori la kemikali, na ikishamaliza nguvu zake huacha oksijeni ambayo bakteria wanaokula petroli huihitaji sana.

Hayo ndiyo maneno ya vipeperushi, na kwa sehemu kubwa ni ya kweli. Ozoni huyeyuka katika maji zaidi ya mara 10 kuliko oksijeni, na mji wa Nice huko Ufaransa umekuwa ukiitumia kwa maji ya kunywa tangu mwaka 1906. Lakini katika mtambo wa maji ya kunywa, maji ndiyo yanayoletwa mbele ya ozoni. Ardhini, ozoni ndiyo inayopaswa kuyafuata maji, na umri wake ni mfupi. Katika maji safi yenye joto la kawaida nusu yake hutoweka ndani ya dakika 20 hivi, na katika maji machafu hutoweka mapema zaidi, kwa sababu humalizwa na kila kinachoweza kuungua, yaani mabaki ya mimea, madini ya chuma na petroli yote, si benzini peke yake. Kwamba ozoni huiunguza benzini ni suala lililokwisha kumalizwa maabara. Kinachohitaji kulipiwa jaribio ni kama itaifikia, na itaifikia umbali gani kabla haijafa.

Pendekezo la kwanza la kampuni halikujengwa juu ya swali hilo. Lilikuwa na kisima kimoja cha kupulizia, kisima kimoja cha uchunguzi kilicho umbali wa mita moja na nusu, na wiki tatu za kazi. Jaribio la namna hiyo haliwezi kushindwa. Ukiweka kitabu mdomoni mwa kibatari hata herufi ndogo utazisoma, ila bado hujajua kama mwanga wake utafika mlangoni. Tulirudisha pendekezo hilo mara mbili. Mwishowe tulikubaliana juu ya visima vitatu vya kupulizia, visima vya uchunguzi vilivyo umbali wa mita 2, 5 na 8 katika pande tofauti, kimoja kati yavyo kikiwa kimetobolewa kwa makusudi ndani ya mfinyanzi, sampuli mbili za kabla ya kuwasha mashine ili tuwe na msingi wa kulinganisha, na jaribio la gesi ya heli kabla ya ozoni yenyewe. Tuliomba pia siku 60 za kungoja baada ya kuzima, kisha sampuli ya mwisho. Kwa hilo la siku 60 msimamizi wao alijibu kwamba litapangwa baadaye, nami nikaliacha lipite bila kuliandika katika mkataba. Kosa hilo ni langu, na nitalizungumzia tena mbele.

Jaribio la heli, kwa maoni yangu, ndilo lililostahili fedha kuliko yote. Heli haiunguzi chochote wala hailiwi na kitu, kwa hiyo ikitokea kwenye kisima fulani, umejua kwamba gesi ina njia ya kufika hapo. Ilitokea kwanza kwenye kisima cha mita 8 upande wa mashariki, muda mrefu kabla ya kuonekana kwenye kisima cha mita 5 upande wa kaskazini. Ramani yetu ya udongo ilionyesha mchanga mmoja ulio sawa kila upande. Heli ilituambia kwamba kuna utepe wa mchanga wa chembe kubwa, pengine mkondo wa kijito cha kale, unaoelekea mashariki. Gesi chini ya maji haisambai kama wino katika glasi. Katika changarawe hupanda kwa mapovu, na katika mchanga wa chembe ndogo hujitafutia vijia vichache na kuvishikilia, ikiacha maeneo ya katikati bila kuguswa. Wanaouza huduma hii hupenda kuchora duara safi kuzunguka kila kisima cha kupulizia na kuliita eneo la mafanikio. Mimi sijawahi kuona duara hilo ardhini.

Mitambo ilikuwa mizuri, na nitakuwa mchoyo nisiposema hivyo. Ndani ya trela kulikuwa na kompresa isiyotumia mafuta, mashine ya kuchuja naitrojeni na kuacha oksijeni ya asilimia 90 na ushei, na mtambo unaopitisha oksijeni hiyo kwenye cheche za umeme na kuigeuza sehemu yake kuwa ozoni. Kwa mujibu wa karatasi zake uliweza kutoa gramu 900 kwa siku, nasi tulipopima mdomoni mwa bomba tulikuta pungufu kidogo tu, jambo ambalo si la kawaida kwa mitambo ya kukodi. Msomaji asidanganywe na ukubwa wa namba hiyo. Kama kila molekuli ya ozoni itatoa atomu moja ya oksijeni, kuiunguza gramu moja ya benzini hadi ibaki kaboni dioksidi na maji kunahitaji zaidi ya gramu 9 za ozoni, na kwa hesabu hiyo mashine nzima, ikifanya kazi usiku na mchana bila kupoteza chochote, haimalizi zaidi ya gramu 100 hivi za benzini kwa siku. Anayeahidiwa muujiza wa wiki mbili na afanye hesabu hiyo kwanza.

Mabomba yalikuwa ya teflon na viungo vya chuma kisichoshika kutu, kama inavyopasa, kwa sababu ozoni huila raba ya kawaida kama mchwa anavyokula mlango. Kasoro iliyoonekana ilihusu jambo hilo hilo. Katika wiki ya pili kiungo kimoja, ambacho bila shaka kiliwekwa kwa haraka na mtu aliyekosa kile sahihi, kilikuwa na pete ya raba ya kawaida. Ilipasuka usiku, kifaa cha kunusa ozoni ndani ya trela kikahisi uvujaji, na mashine ikajizima yenyewe. Mfumo wa usalama ulifanya kazi yake. Fundi alifika alfajiri, akafungua milango na kungoja kipimo kishuke ndipo akaingia, kisha akakagua viungo vyote na si kile kimoja tu. Ozoni ni nzito kuliko hewa na huumiza mapafu kwa kiasi kidogo sana. Kikomo cha kazini Marekani ni sehemu 0.1 katika milioni kwa saa 8, na sehemu 5 katika milioni huhesabiwa kuwa hatari ya papo kwa papo kwa maisha. Fundi huyu hakuwa na mzaha na namba hizo. Alama 10 nilizompa ni pamoja na daftari lake, lililokuwa na mtiririko na shinikizo la kila kisima kwa mwandiko unaosomeka, kitu adimu kwelikweli.

Sasa nije kwenye sampuli, ambapo ugomvi wetu ulianzia. Katika mwezi wa kwanza kikosi chao cha sampuli kilikuja wakati mashine inapuliza, kikachota maji kwenye kisima cha mashariki kilichokuwa kikitoa mapovu waziwazi, na maabara ikarudisha jibu kwamba benzini haionekani kabisa. Jibu hilo lilikuwa sahihi na halikuwa na faida. Kisima ambacho gesi imepata njia ya kuingia hugeuka kuwa chombo cha kusafishia maji yake yenyewe, wakati maji yaliyo katika mchanga hatua chache kando yanaweza kuwa machafu kama jana. Isitoshe, ozoni ambayo bado imo ndani ya chupa ya sampuli huendelea kuunguza ikiwa njiani kwenda maabara, isipokuwa pameongezwa kitu cha kuizima. Tulidai mashine izimwe siku kadhaa kabla ya kila sampuli na maji ya kisimani yavutwe polepole mpaka vipimo vitulie. Walikubali bila kinyongo, lakini swali langu ni kwa nini mteja ndiye awafundishe kazi yao.

Tulipoanza kupima kwa utaratibu huo, picha ilipungua uzuri na kuongezeka ukweli. Mashariki benzini ilishuka sana na ikabaki chini. Kaskazini ilishuka kwa kiasi tu. Katika kisima cha mfinyanzi hakuna kilichobadilika tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho, jambo nililolitarajia, lakini ambalo lilipaswa kuonekana ili mwenye kiwanja aliamini. MTBE nayo ilipungua, ila katikati ya safari ilizaa mtoto wake anayeudhi, yaani pombe ya butili ya tatu, ambayo California huwataka wasambazaji wa maji kutoa taarifa inapozidi mikrogramu 12 kwa lita. Iliongezeka kwa wiki kadhaa kisha ikaanza kushuka. Jaribio la wiki tatu lingeishia kileleni mwa ongezeko hilo, na mtu angeondoka akidhani ozoni imebadilisha sumu moja kwa nyingine.

Kuna mazao mengine ya ozoni ambayo bei ya awali haikuwa na kipimo chake hata kimoja. Maji yenye bromidi, aina ya chumvi, yakikutana na ozoni hutengeneza bromati, ambayo hushukiwa kusababisha saratani na ambayo Shirika la Afya Duniani limeiwekea kikomo cha mikrogramu 10 kwa lita. Katika udongo wenye kromi ya kawaida, isiyo na madhara makubwa, ozoni inaweza kuigeuza sehemu yake kuwa kromi ya sita, ambayo ni sumu na hutembea na maji. Bodi ya Maji ya Kanda, ambayo bila kibali chake hakuna anayeruhusiwa kuingiza kitu katika maji ya ardhini ya California, ilivitaka vipimo vyote viwili, na ndipo kampuni ikavitoza kama kazi ya ziada. Kwetu bromidi ilikuwa kidogo na bromati haikuonekana. Kromi ya sita ilijitokeza karibu na visima vya kupulizia, na katika visima vya mbali haikufika. Nasema wazi: anayeuza huduma ya ozoni bila kuviweka vipimo hivi ndani ya bei ya msingi ama hajui kazi yake, ama anajua na anataka aonekane wa bei nafuu.

Ripoti ya kwanza ilikuja na jalada la rangi na grafu moja kubwa iliyoanza siku ya kuwasha mashine na kuishia siku ya kuzima. Mstari ulikuwa unateremka kwa uzuri. Sampuli za kisima cha mfinyanzi zilikuwa kwenye kiambatisho bila kutajwa ndani ya maandishi, na ile duara niliyoitaja ilikuwepo, yenye nusu kipenyo cha mita 8, kana kwamba upande wa kaskazini haukupimwa. Hapo ndipo kuzembea kwangu katika mkataba kulipotugharimu, kwani sampuli ya siku ya 60 ilibidi tuilipie upya. Ilionyesha kwamba benzini ya kisima cha kaskazini imerudi sehemu kubwa ya ilikotoka, wakati mashariki imerudi kidogo tu. Hiyo ndiyo tabia ya uchafu uliojificha ndani ya mfinyanzi. Ozoni ikikoma, hutoka taratibu na kuingia tena kwenye mchanga uliosafishwa. Tulipowapelekea matokeo hayo waliirekebisha ripoti, wakaweka grafu mpya na kuliondoa duara. Ripoti ya pili ningeipa alama 7.

Kuhusu gharama, tahadhari yangu ni moja. Kodi ya trela ndiyo inayotajwa kwanza katika mazungumzo, lakini kwetu maabara, uchimbaji wa visima na umeme, vikijumlishwa, viliipita kodi hiyo. Umeme wa kutosha ulibidi uvutwe kutoka nguzo ya mtaani, na kungojea fundi wa shirika la umeme kulituchelewesha kuliko jambo jingine lolote.

Wenzangu wa Dar es Salaam na Mombasa wameniuliza kama huduma ya namna hii ingefaa kwao, ambako sheli na kisima cha nyumbani mara nyingi hutenganishwa na ukuta mmoja. Ningewajibu kwa kutazama ardhi kwanza. Mchanga wa pwani unaweza kuipokea gesi vizuri, lakini visima vingi vya karibu na bahari vimeingiliwa na maji ya chumvi, na maji ya bahari yana bromidi ipatayo miligramu 65 kwa lita, hivyo hata mchanganyiko mdogo wake unatosha kuifanya bromati kuwa swali la kwanza badala ya la mwisho. Katika mawe ya matumbawe, kama yale ya Unguja, gesi itafuata mapango na nyufa na kutokea mahali ambapo hakuna aliyepaona, na kaboneti iliyoyeyuka katika maji hayo huzimeza zile chembe huru za hidroksili ambazo hufanya sehemu kubwa ya kazi ya ozoni. Mtu akija na trela na ahadi, aombwe kipimo cha bromidi na jaribio la heli kabla ya kuzungumzia bei, na kwa Tanzania aulizwe pia kama amekwisha kwenda kwenye bodi ya maji ya bonde husika, maana Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 haimruhusu mtu kumwaga kitu katika maji ya ardhini apendavyo.

Mwenye kiwanja chetu nilimshauri aendelee na kampuni hiyo hiyo, na kwa upande wa mashariki aendelee na mitambo hiyo hiyo. Kaskazini visima viwili vya kupulizia vitaongezwa kwa kufuata mahali heli ilipopita, si kwa kufuata duara la ramani, na mfinyanzi utaachiwa bakteria na oksijeni itakayobaki, huku ukipimwa kila baada ya miezi mitatu. Nimeomba fundi awe yule yule. Siku 60 za kungoja, vipimo vya bromati na vya kromi ya sita, na pete zote za viungo kukaguliwa kabla trela halijaingia getini, safari hii vimeandikwa katika ukurasa wa kwanza wa mkataba.